Joho la Mtu Aliyepimwa Akiwa Amekaa

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, Kidadisi alikuwa na kazi yake: kuokota pini. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana ya mama yake, fundi cherehani, na pini zilizodondoka mchana kutwa zilijificha kwenye nyufa za sakafu zikingoja mguu usio na kiatu. Hakuziokota kwa vidole. Alikuwa na sumaku nyeusi iliyotolewa kwenye spika mbovu. Aliifunga uzi akaiburuta sakafuni kama mtu anayetembeza mbwa, na pini ziliruka zenyewe zikaing'ang'ania.

"Mama, mbona vifungo haviruki?"

"Vifungo ni plastiki."

"Na mbona sumaku haiipendi plastiki?"

"Okota pini, mwanangu."

Hivyo ndivyo alivyopata jina. Shuleni alikuwa na jina lake la daftarini, lakini mtaani hakuna aliyelikumbuka. Alikuwa Kidadisi, mwenye miaka kumi na miwili na maswali ya mtu wa miaka mia.

Mwenye miguu isiyo na viatu pale nyumbani alikuwa Bibi, mama yake Mama. Bibi aliviona viatu kuwa jela ya vidole. Siku moja pini moja ilijificha vizuri kuliko wenzake, ikamwingia kisiginoni. Akatembea nayo tangu asubuhi hadi jioni bila kusikia chochote, mpaka Mama alipoona matone ya damu kutoka jikoni hadi mlangoni.

Kwenye zahanati, muuguzi aliukagua ule mguu, akampima damu, akasema, "Bibi, una ugonjwa wa sukari. Sukari ikizidi mwilini kwa muda mrefu, miguu inakufa ganzi. Ndiyo maana hukusikia pini." Akampa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni, akamfundisha kusafisha kidonda. Mwisho akasema bila kuficha, "Ukiacha dawa, kidonda hiki hakitapona. Tutafika mahali pa kuzungumza habari ya kuukata mguu."

Bibi alimeza dawa zake vizuri. Kidonda kikaanza kujifunga pembezoni.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka alipokuja yule mteja.

Alikuja Jumamosi asubuhi, mwanamume nadhifu, mwenye sauti laini kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Alitaka joho. Mama akachukua futikamba yake akamwambia, "Simama wima, kaka, nikupime."

"Hapana, dada. Nipime nikiwa nimekaa."

Akapanda juu ya meza ya kukatia, akakunja miguu. Joho lilitakiwa lianze mabegani, limfunike mapaja na magoti, kisha lishuke chini ya uso wa meza kwa shibiri nzima. Kitambaa kiwe kizito, kisichopitisha mwanga. Mkono wa kushoto uwe wa kawaida. Mkono wa kulia uwe mpana mara mbili ya wa kushoto.

Kidadisi akafungua kinywa. Mama akamtupia jicho. Kidadisi akafunga kinywa.

Mteja alipoondoka, swali lilimtoka kama maji ya bomba. "Mama, nani anapimwa akiwa amekaa? Akisimama si litamburuta? Kwani ana mkono mmoja mnene?"

"Kilichopimwa humu kinabaki humu," Mama akasema. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya karakana, na hakuwa na nyingine. "Mimi nimepima watu wenye kibyongo, wenye mguu mmoja mfupi, na yupo anayejazwa pamba mabegani ili aonekane shujaa. Umewahi kunisikia nikisema ni nani?"

"Ni nani?"

"Toka hapa!"

Mama alilikata joho, akalishona, akamwachia Kidadisi kazi ya kupinda pindo, maana mtoto alikuwa na mshono mdogo na sawa. Hapo ndipo alipolikoroga. Siku ile Mama alikuwa amekwenda kununua nyuzi. Kidadisi akalitandaza joho mezani, akaitazama mikono miwili isiyolingana, na roho ya ufundi ikamuuma. Alijua mteja aliomba hivyo, lakini alijua pia kuwa nguo yenye mikono isiyolingana ni aibu ya fundi. Akaona labda mteja alikosea kusema, au Mama alikosea kusikia. Akaubana mkono wa kulia kwa mshono safi hadi ukawa pacha wa wa kushoto. Akakunja nguo, akajisifu kimoyomoyo.

Mteja alipokuja kulijaribu, alipitisha mkono wa kulia, na ile sauti laini ikakimbia.

"Nani ameubana huu mkono? Nani? Mnataka kuniangusha?"

Mama aliomba radhi mpaka shingo ikamuuma. Kidadisi alikaa chini akafumua mshono wake wote kwa wembe, uzi mmoja baada ya mwingine, akizikagua tundu ndogo za sindano alizoziacha kwenye kitambaa. Masikio yalimwaka kwa aibu. Hata hivyo neno moja lilimbaki kichwani kama pini ndani ya ufa.

Kuniangusha. Mkono wa joho unamwangushaje mtu?

Wiki chache zikapita. Siku moja Bibi alirudi kutoka sokoni akitembea haraka kuliko mguu wake ulivyoruhusu, na kifuani amekumbatia chupa ya maji.

"Amekaa hewani!" alisema hata kabla ya kuketi. "Hewani, mke mwenzangu! Kama kunguru juu ya waya, ila waya haupo!"

Bibi alimwita Kidadisi mke mwenzake kila alipokuwa na furaha. Siku hiyo alimwita hivyo mara nyingi. Akaeleza: pale sokoni, mbele ya maduka ya viatu, kuna mtu amekaa hewani amekunja miguu, mkono mmoja umeshika fimbo tu. Watu wanapita kumwangalia, wanapiga magoti, wengine wanalia. Naye anawaambia kwamba mwili wa binadamu uliumbwa mwepesi, unalemewa na vidonge. Vidonge vina uzito, vinavuta mwili chini, vinazuia nyama ya kidonda kupanda na kujifunga. Yeye ameutoa uzito wote mwilini, ndiyo maana hewa inambeba. Anayetaka kupona aache vidonge, anunue maji yake anywe.

Mama aliacha cherehani ikazunguka bure. "Mama, na wewe ukamwamini?"

"Nimemwona kwa macho yangu. Huyo muuguzi wako anaweza kukaa hewani?"

Bibi akavichukua vidonge vyake vyote, akavimimina ndani ya kopo la vifungo, akalifunga na kulipandisha juu ya kabati. Mama akabembeleza. Mama akagomba. Bibi akasema polepole:

"Ulipokuwa mchanga uliugua kifua. Nilikubeba hadi zahanati jua likichomoza. Nikakaa kwenye benchi. Wenye viatu vya kung'aa wakaja baada yangu, wakaingia kabla yangu. Jioni ikafika, dirisha likafungwa, na aliyelifunga hakunitazama hata usoni. Wewe ulipona kwa bahati. Huyu wa leo amenishika mkono, ameniita mama, ameniuliza naumwa wapi. Sasa niambie, nimwamini nani?"

Jambo lile lilikuwa kweli. Lilitendeka, na waliolitenda wamelisahau, ila Bibi hajalisahau na hakuwa na sababu ya kulisahau. Na watu wa aina ya yule mwenye fimbo wanalijua hilo. Wanatembea mji hadi mji wakitafuta watu waliofungiwa dirisha, wanawashika mkono, wanawaita mama, halafu wanafungua duka juu ya kidonda ambacho wengine wamekiacha wazi.

Kidadisi alikuwa akisikiliza mlangoni. Siku iliyofuata aliomba kumsindikiza Bibi sokoni.

Akamwona. Alikuwa amekaa kimo cha kifua cha mtu mzima, utulivu mtupu, macho nusu wazi. Chini yake palikuwa na hewa, kisha zulia jekundu. Mkono wa kulia ulishika fimbo ndefu iliyosimama juu ya zulia. Mwili mzima ulifunikwa na joho.

Joho! Pindo lake alilijua kama mtu anavyojua mwandiko wake mwenyewe. Na kwenye mkono wa kulia, jua lilipoupiga kwa ubavu, aliona mstari wa tundu ndogo ndogo za sindano kutoka kwapani hadi kiganjani.

Akaanza kuuliza, ila safari hii aliuliza ndani kwa ndani. Ana kamba? Akatazama juu. Mbingu tupu, hapakuwa na paa wala tawi. Anapulizwa na upepo kutoka chini? Upepo ukapita kweli, ukazipeperusha karatasi, vitambaa vya akina mama na pindo la joho. Zulia halikutikisika hata ncha. Mbona zulia haliogopi upepo? Na mbona yule mtu haiachi fimbo, hata anapowapungia watu kwa mkono wa kushoto?

Mfukoni mwa sare alikuwa na sumaku yake ya pini. Akaitoa, akaishusha kwa uzi pembeni mwa zulia, kama mvuvi wa samaki wadogo.

Tak!

Sumaku ikaganda juu ya zulia. Akavuta uzi, ikakataa. Akavuta kwa nguvu, ikabanduka.

"Mtoto, ondoka kwenye zulia," ikasema sauti kutoka juu, na haikuwa ile laini. Ilikuwa ile ya 'Nani ameubana huu mkono?'

Bibi akamvuta begani. "Una adabu gani wewe? Unavua nini hapo?"

"Chuma, Bibi," Kidadisi akasema. Bibi hakumsikia.

Njiani kurudi, mtoto alitembea kichwa juu, akijikwaa kila hatua. Chuma chini ya zulia. Sawa. Lakini chuma kiko chini na mtu yuko juu, na kati yao ni hewa. Alipofika kwa kinyozi alisimama ghafla hadi Bibi akamkanyaga. Juu ya mlango wa kinyozi kulikuwa na bango zito la mbao lenye picha ya kichwa. Halikuwa na nguzo chini wala kamba juu. Lilining'inia juu ya njia, limeshikwa upande mmoja tu na mkono wa chuma uliotoka ukutani.

"Bibi, lile bango linaelea?"

"Linaelea wapi? Si limeshikwa pembeni?"

"Ndiyo," Kidadisi akasema taratibu. "Limeshikwa pembeni."

Nyumbani alitwaa henga moja ya waya, ya kutundikia nguo, akainyoosha, akaanza kuikunja. Akashona mwanasesere wa vitambaa, akamjaza vipande vya pamba na miguu akaikunja. Waya mmoja ukawa fimbo, umesimama. Kutoka juu ya fimbo akaukunja waya ukaingia ndani ya mkono wa nguo ya mwanasesere, ukashuka ubavuni, ukajizungusha chini ya makalio na kuwa kiti. Sasa alijua kwa nini mkono wa kulia ulikuwa mpana: ndani yake hapakukaa mkono tu, palipita chuma! Chini ya fimbo akaufunga waya kwenye kipande cha bati kwa gundi, akasimamisha.

Mwanasesere akaanguka kifudifudi.

Akasimamisha tena. Akaanguka tena, upande uleule, upande wa kiti. Kidadisi akaguna. Bati lilikuwa limeelekea nyuma ya fimbo, mbali na mwanasesere. Akakumbuka jinsi Mama alivyomwambia asikalie ukingo wa benchi akiwa peke yake, kwa sababu uzito ukitoka nje ya miguu ya benchi, benchi linapinduka. Miguu ya mwanasesere huyu ni lile bati. Akaligeuza bati likaja chini ya mwanasesere, hapo hapo panapoonekana patupu.

Mwanasesere akakaa. Akafunika bati kwa kipande cha kitambaa chekundu, akamvika joho dogo, akarudi nyuma hatua mbili.

Alikuwa anaelea! Kidadisi alijua kila waya uliopita ndani, aliukunja mwenyewe, na bado jicho lake lilimwambia kuwa anaelea. Hilo ndilo lililomfurahisha kuliko yote. Alicheka peke yake.

Akamwita Mama. Mama alikitazama kile kitu kwa muda mrefu, akiwa bado ameshika mkasi.

"Nimwonyeshe Bibi?" Kidadisi akauliza. "Nimwambie tulimpima akiwa amekaa, nimwambie habari ya mkono?"

Mama akaweka mkasi chini. "Kilichopimwa humu kinabaki humu."

"Lakini Mama..."

"Watu wananivulia nguo, mwanangu. Wananionyesha wanachowaficha hata waume zao. Nikitoa siri ya mteja mmoja, hata mbaya, kesho nani ataniletea mwili wake?"

"Na mguu wa Bibi?"

Jioni ile Mama alimwosha Bibi kidonda. Kingo zilizokuwa zimeanza kufunga zilikuwa zimelegea, zimebadilika rangi, na kilitoa harufu. Bibi hakuhisi chochote. Alikuwa akisimulia hadithi huku mguu wake ukioza mikononi mwa binti yake. Mama alifunga kitambaa, akatoka nje, akasimama kidogo na mikono yake yenye maji. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imekauka.

"Sitasema neno lolote juu ya mteja yeyote," alimwambia Kidadisi. "Lakini hakuna aliyenikataza kumshonea mama yangu joho. Kamwite mjomba wako."

Mjomba, mdogo wake Mama, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Watu walimwita Cheche, kwa kazi yake na kwa mdomo wake. Alikuja akiwa na miwani myeusi kichwani.

"Mnataka nini? Kiti kisicho na miguu? Dada, mume wako akirudi kutoka safari atakuta nyumba nzima imerukwa na akili."

"Kina mguu mmoja," Kidadisi akasema, akamwonyesha mwanasesere.

Mjomba akainama. Akanyamaza, na kunyamaza kwa Cheche lilikuwa jambo la kutangazwa. "Nani amegundua kwamba bati lije chini ya mkaaji?"

"Mimi, mwanasesere aliponiangukia."

"Hmm." Akamgusa mwanasesere kwa kidole. "Waya unanesa kidogo, na bomba litanesa pia. Pale kwenye pembe ya mkono ndipo uzito wote unapovuta, kwa hiyo pale nitaweka chuma kinene na kichomelewe pande zote. Bibi si mwanasesere. Bibi amekula vizuri."

Alikitengeneza kwa siku mbili. Alikijaribu kwanza kwa gunia la mchanga, kisha kwa makalio yake mwenyewe, akijitikisa hadi akaridhika. Mama akashona joho la buluu, mkono wa kulia mpana mara mbili. Alipopima, alimpima Bibi akiwa amekaa kitandani.

"Mbona mnanipima nimekaa kama yai?" Bibi akauliza.

"Bibi, si unataka kuelea?" Kidadisi akamjibu.

Bibi akamtazama kwa jicho moja. "Mimi bado sijawa mwepesi. Nimekunywa vidonge miezi mingapi?"

"Tujaribu tu."

Wakamkalisha uani. Mjomba alimbeba, Mama akapanga joho, Kidadisi akatandika shuka juu ya bati. Kisha Kidadisi na mjomba wake wakakileta kioo kirefu cha karakana, kile wateja wanachojitazamia, wakakisimamisha mbele ya Bibi.

Bibi akajiona.

Alikuwa hewani. Bibi mzima, na mwili wake mzito na kitambaa chake cha kichwa, amekaa juu ya hewa tupu na fimbo mkononi. Watoto wa jirani waliokuwa wakichungulia ukutani wakapiga kelele wakakimbia.

"Mama yangu wee!" Bibi akacheka hadi machozi. Akapunga mkono wa kushoto kwa madaha. "Nitazameni! Nimekuwa malaika mwenye meno matatu!"

Akacheka tena, kisha kicheko kikapungua, kikazimika. Akabaki anajitazama. Akajisogeza kidogo, akasikia chuma chini yake. Akatazama mkono wake wa kulia ndani ya ule mkono mpana wa joho.

"Kumbe amekaa," akasema.

Akalipapasa bomba lililopita ubavuni.

"Amekaa tu, kama mimi nilivyokaa." Akaiachia fimbo. "Na aliponishika mkono akaniita mama, alikuwa amekaa juu ya bomba la geti."

"Bibi," Kidadisi akasema, "pole."

"Usiniambie pole. Nishusheni. Na lile kopo la vifungo, nani mrefu humu ndani?"

Asubuhi yake walikwenda zahanati. Bibi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, lakini muuguzi alimwita kwa zamu yake, akampima tena, akasafisha kidonda na kumwanzishia dawa nyingine ya kuzuia uozo. "Mngechelewa kidogo," alimwambia Mama kwa sauti ya chini, "ningekuwa naandika barua ya kwenda kuukata." Bibi akasikia. Miguu yake ndiyo ilikuwa na ganzi, masikio yalikuwa mazima.

"Nina jambo sokoni," akasema.

"Mama, pumzika."

"Nitapumzika huko huko. Si nina kiti?"

Siku ya soko, watu walipofika mbele ya maduka ya viatu, waliwakuta wawili. Upande mmoja mtu wa joho jeupe, hewani. Upande wa pili, akimkabili, bibi wa joho la buluu, hewani, mguu mmoja umefungwa bandeji safi. Umati ukakatika vipande viwili, vichwa vikigeuka huku na huku kama vya watazamaji wa mpira.

"Habari zenu, wanangu!" Bibi akaita. "Mimi nina sukari. Asubuhi nimemeza vidonge viwili, na kile kingine kikubwa kama kifungo cha koti. Uzito wangu mnauona. Sasa mbona nami naelea?"

Watu wakacheka. Mtu wa joho jeupe alifumba macho kama aliyezama katika sala.

"Ndugu yangu," Bibi akamwambia, kwa adabu kamili, "wewe ni mwenyeji hapa, mimi mgeni. Shuka uje unisalimie."

Hakushuka.

"Au mguu unauma? Basi nitakuja mimi."

Hapo Bibi akalishika pindo la joho lake, akalipandisha hadi kiti kikaonekana, bomba likaonekana, chuma kikaonekana kote kinakopita. Mjomba akampa bega, naye akashuka taratibu, akavuta shuka chini, na bati likang'aa juani. Umati ukavuta pumzi kwa pamoja.

"Hiki ni kiinimacho," Bibi akasema. "Kizuri sana. Mjukuu wangu amekivumbua kwa waya wa henga, nikacheka nikatoka machozi. Mtu akija na kiinimacho akasema, jamani, hiki ni kiinimacho, nitampigia makofi. Lakini huyu ameniambia niache dawa. Kwa sababu yake nusura nikatwe mguu. Mliokunywa maji yake, rudini kwa waganga wenu wa zahanati leo leo."

Kijana aliyekuwa msaidizi wa mtu wa joho jeupe akaja mbio na shuka kubwa amzungushie bosi wake asionekane akishuka, kama walivyofanya kila jioni kabla ya kufungasha. Wachuuzi wa viatu wakamzuia.

"Bila shuka!" akapaza sauti mmoja.

Wengine wakaanza kusogea, na sauti zikaanza kuwa nzito. Bibi akainua mkono. "Asimguse mtu! Hatuko hapa kumpiga. Tunamsubiri ashuke tu."

Basi wakasubiri. Soko zima lilisubiri. Jua likapanda. Jasho likamtoka yule mtu kwenye nyusi, likamshuka hadi kidevuni, na mkono wa kushoto hakuweza kuupunga tena. Mwishowe akafumbua macho, akamtazama Kidadisi aliyekuwa amesimama mstari wa mbele na sumaku mkononi, akamtambua. Akatoa mguu mmoja chini ya joho, akaukanyaga ukingo wa chuma, akajivuta. Mkono wa kulia ukanasa kwenye pembe ya bomba. Akauvuta kwa hasira, nao ukapasuka kwenye ule mstari wa tundu ndogo ndogo, kutoka kwapani hadi kiganjani, na chuma kikabaki kimesimama wazi mbele ya watu wote.

Aliondoka akitembea kwa miguu yake kama mtu yeyote. Wapo waliomfuata wakidai haki yao kwa maneno, na kituo cha polisi hakikuwa mbali.

Jioni, Kidadisi alikuwa akiburuta sumaku sakafuni. Bibi alikuwa kitini ameinua mguu, na kwenye ule mzima amevaa kiatu, akikitazama kwa chuki.

"Mama," Kidadisi akasema, "sheria yetu tumeivunja?"

Mama alikuwa anaingiza uzi kwenye sindano. Alimaliza kwanza.

"Nimeifikiria hiyo. Mtu akificha kibyongo chake, anaficha kilicho chake, na mimi nitaufunga mdomo wangu mpaka nife. Lakini mtu akificha kitu ili mwingine aumie, hiyo si siri tena, mwanangu. Ukimtunzia hiyo, umemshonea uongo wake. Kosa langu ni kwamba nilichelewa kutofautisha. Wewe ukikua, usichelewe."

"Na wewe usiache kuuliza," Bibi akaongeza. "Mimi niliacha kuuliza kwa sababu mtu aliniita mama. Anayekutakia mema hataogopa uangalie chini ya zulia lake. Muuguzi nimemuuliza maswali kumi leo, amejibu yote. La kumi na moja alinifukuza, lakini kwa kucheka."

Kidadisi akabandua pini moja kwenye sumaku. Kisha: "Mama, lile joho lake limechanika vibaya. Mshono ni wetu. Akilileta?"

"Akilileta nitamshonea," Mama akasema, akakanyaga cherehani. "Mteja ni mteja. Ila safari hii atapimwa akiwa amesimama."